Ukuta wa Mashariki Tuliouacha Uchi

Mwaitu, mama yangu,

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi amekufa. Wazee wa kanisa walinijia wiki iliyopita wakitaka niandike sifa zake za mazishi, kwa sababu, walisema, kalamu yangu ni kali. Walitaka nitaje hasa wadi ya wazazi ya Matinyani. "Ile aliijenga yeye." Yeye! Hata msumari mmoja hakuushika.

Tuliijenga sisi wanawake wa mwethya, kwa kazi ya pamoja, mimi nikiwa mwalimu kijana aliyekuja likizo. Fremu ya mbao ilikuwa imesimama, na fundi akatufundisha kuivika karatasi nyeusi ya lami kabla ya mbao za nje, ili upepo usipenye. Anzeni chini, alisema, ukanda wa juu ulalie wa chini. Ulicheka. "Kumbe ni kuezeka nyasi tu! Na huyu amesomea?" Ukanyoosha karatasi kwa viganja, nami nikapigilia. Kuta tatu zikavaa.

Ule wa mashariki, unaopigwa na upepo wa Julai, haukuvaa. Mabunda mawili ya karatasi yalikuwa yamepelekwa nyumbani kwa mwenyekiti, na mgeni wa kufungua wadi alikuwa anakuja kesho yake. "Funikeni na mbao," mwenyekiti akasema. "Nani ataona?"

Nilifungua mdomo. Ukanikanyaga mguu. "Nyamaza, mwalimu. Wewe utarudi shuleni, mimi nitabaki na hawa."

Tukapigilia mbao juu ya uwazi, wewe na mimi.

Julai ya mwaka uliofuata, Mwende mdogo wangu alijifungua humo. Kitanda chake kiliegemea ukuta ule. Siku ya nne kifua cha mtoto kikaziba, akafa. Mama mkwe wake akatangaza mbele ya watu, "Huyu hajui hata kufunika mtoto," akamrudisha kwetu. Nawe ulimwambia Mwende, mimi nikisikia: "Kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine umfunike vizuri."

Hakukuwa na mwingine.

Si Mungu aliyebeba yale mabunda, mwaitu! Nimewashambulia wakubwa magazetini miaka yote hii, wezi wa dawa, wanyang'anyi wa mashamba, na kuhusu ukuta ule sijaandika neno. Nilijiambia ninakulinda. Uongo. Nilijilinda mimi. Labda mtoto angekufa hata kama ukuta ungevaa. Sijui. Lakini Mwende tulimnyima hata hiyo labda, tukamwacha aamini kwamba alimuua kwa mikono yake.

Jana nilienda kwake, kijijini Tulia, nikamwambia yote. Alikuwa anachambua ndengu. Mkono ukasimama.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Siku aliyoniambia nimfunike mwingine vizuri, alijua?"

"Alijua, Mwende."

Akasukuma ungo pembeni. Nilingoja anifukuze.

"Waandikie hao wazee," akasema. "Wasome kanisani, mama mkwe yule akiwa amekaa mbele kama kawaida yake. Na mama umtaje. Usimfiche kama mlivyonificha."

Basi nimekutaja. Ulinilea, ulinisomesha kwa jembe, na tangu tulipokuzika bado nakulilia. Lakini msamaha siwezi kukuombea, kwa maana mimi mwenyewe sijapewa. Aliye nao yuko Tulia, na jana hakutoka kunisindikiza.

Kwaheri, mwaitu.

Binti yako wa kwanza