Rukia Hageuki Akiitwa

Jumatatu, 5 Februari 1979
Mashati saba ya shule yamebaki, na marinda manne. Mwenye duka anayataka kesho. Mguu unauma kwa kukanyaga cherehani. Rukia alishinda chini ya meza akipanga vifungo. Ukimvurugia mstari anapiga kichwa sakafuni.

Mke wa mwalimu alikuja kuchukua rinda la bintiye. Akainama, akamwita. "Rukia! Rukia, kuja nikuone." Hakugeuka. Yule mama akaniangalia. Nikasema mtoto ana usingizi. Ni mara ya tatu tangu wiki iliyopita nasema hivyo.

Ametimiza miaka minne. Mwaka juzi alikuwa na maneno matano. Maji, baba, paka, lete, basi. Yakapotea moja moja na mimi sikuona yakienda. Nilidhani mtoto amenuna.

Alhamisi, 8 Februari
Mama mkwe amemleta mzee wa kumsomea. Kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani, anyweshwe maji yake siku tatu. Rukia alitapika yote kwenye mkeka. Mama mkwe anasema ni jini anakataa. Mimi nasema ni zafarani kwenye tumbo tupu. Sikusema kwa sauti.

Mume wangu Juma yuko Doldol kununua mbuzi. Atarudi Jumamosi, awachinje, auze, aende tena. Mtoto anamwona siku mbili kwa wiki. Ndiyo maana anaweza kusema ataongea tu.

Jumanne, 20 Februari
Hospitali. Foleni toka saa moja asubuhi mpaka saa saba. Rukia alilia muda wote huo. Wanawake walisogea wakatuachia benchi zima. Mmoja alimfunika mwanawe uso kwa leso.

Daktari aligonga kopo nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Akaandika kwenye kadi: kiziwi. Dakika tano hazikufika.

Si kiziwi. Nikifungua kopo la sukari jikoni, anakuja mbio kutoka uani. Nilimwambia daktari hivyo. Akaita mwingine aingie.

Jumatano, 14 Machi
Nilimpeleka shule ya viziwi, kwa kuwa kadi inasema hivyo. Mwalimu aliyetupokea anaitwa Gathoni. Mwanamke wa makamo, sweta la kijani, hana haraka. Alikaa chini sakafuni karibu na Rukia, kando yake, bila kumwangalia. Akakaa hivyo kama nusu saa. Hakuna mtu aliyewahi kumpa mtoto wangu nusu saa.

Kisha akaniambia, "Mama Rukia, huyu anasikia. Hapa siwezi kumchukua. Lakini nimewahi kusoma habari za watoto kama huyu. Kuna daktari Nairobi. Mpeleke mapema, usingoje aanze shule."

Akaniandikia jina kwenye karatasi. Nimeliweka ndani ya Msahafu. Nimetembea mpaka nyumbani Majengo nikiwa na furaha. Miezi mingi sijatembea hivyo.

Ijumaa, 30 Machi
Juma amekataa. Anasema mjomba wake aliongea akiwa na miaka sita. Anasema mimi napenda kutafuta ugonjwa. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele akatikisa kichwa, sijui kwa ajili ya nani.

Nina hasira. Sina mahali pa kuiweka. Nimeshona pindo moja mara tatu.

Jumapili, 8 Aprili
Rukia alipotea.

Niliingia ndani kuchukua sabuni. Nilipotoka mlango wa uani uko wazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikimbia mpaka msikitini, mpaka sokoni, nikiita. Ninaita nini? Mtoto haitikii jina lake. Nilikuwa napiga kelele barabarani kwa ajili ya watu, si kwa ajili yake.

Juma na majirani walitafuta upande wa juu. Saa tisa wanawake wawili walikuja naye kutoka mto Chania. Walikuwa wanafua. Walimkuta amesimama, maji yamefika mapajani, anatazama povu. Walimwita kwa Kiswahili, wakamwita kwa Kikuyu. Mmoja alisema walidhani si mtu.

Nilimpiga. Mbele ya watu wote. Hakuinua hata mkono kujikinga. Alilia, akanyamaza, akaanza kutazama maji yanayotoka kwenye mfereji wa paa.

Juma alikaa kwenye ngazi akalia. Amekubali Nairobi.

Jumanne, 24 Aprili
Naandika mapema kabla sijasahau maneno yalivyokuwa.

Daktari ni mzee, mzungu, mpole. Alimtazama Rukia kwa saa nzima. Alimpa gari dogo la bati. Rukia aliligeuza chini juu akazungusha magurudumu. Daktari akaandika. Nilifurahi kwamba anaandika.

Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Nesi mmoja msichana alitufasiria. Daktari alilitaja jina: otizimu. Nililirudia ili nisilipoteze. Nesi alisema ni mtoto aliyejifungia ndani yake.

Halafu daktari akaanza kuniuliza mimi. Mimba ilikuwaje. Nilikuwa na furaha? Nilimnyonyesha kwa kumkumbatia au kwa haraka? Nikasema baba yangu alifariki nikiwa na mimba ya miezi sita, nililia sana. Akaandika. Nesi aliinamisha macho kabla ya kufasiri swali lililofuata.

"Anauliza kama ulimpenda alipozaliwa."

Juma alikuwa amekaa kando yangu. Aligeuka kuniangalia. Alingoja jibu kama daktari alivyolingoja.

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo.

Dawa hakuna. Kuna darasa moja dogo, limeanzishwa na wazazi, limejaa. Tuandike barua. Angeletwa akiwa na miaka miwili ingekuwa afadhali. Akatusindikiza mpaka mlangoni na kumpapasa Rukia kichwani. Rukia alipiga yowe.

Jumatano, 25 Aprili
Nimekumbuka siku alipozaliwa, saa kwa saa. Nilikuwa nimechoka. Nilimwomba mkunga amchukue kidogo nilale. Sababu ilikuwa hiyo?

Jumapili, 6 Mei
Juma amemwambia mama yake. Sasa nyumba nzima inajua daktari aliuliza nini. Mama mkwe ameacha habari za jini. Anasema mtoto akikosa moyo wa mama anakuwa hivyo, hata wazungu wanajua. Tena anasema bila ukali, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika wali.

Nikijibu nitasema jambo lisilosameheka.

Nimeandika barua ya darasa la Nairobi. Mwalimu Gathoni amenisahihishia.

Jumamosi, 19 Mei
Mwalimu Gathoni alinipeleka Wamagana kumwona mama mmoja wa kanisani kwao. Mama Nyambura. Shamba la chai, nyumba ya mbao, maua ya debe mlangoni. Binti yake Nyambura ana miaka ishirini na miwili.

Alikuwa amekaa juu ya gunia, anatikisa uzi mbele ya macho yake. Mrefu, mzuri, nywele zimenyolewa kwa sababu huzing'oa. Kamba imefungwa kiunoni, mwisho wake kwenye nguzo ya nyumba. Sikuweza kuacha kuitazama kamba. Mama Nyambura aliona.

"Mimi ni mmoja," akasema. "Chai inataka kuchumwa, na huyu akitoka anaenda tu. Mara moja tulimpata karibu na msitu, siku ya pili."

Nyambura hajawahi kusema neno. Hajapelekwa kwa daktari tangu alipokuwa mdogo, walipoambiwa ni mjinga wa kuzaliwa. Nilimwambia mama yake jina nililopewa Nairobi. Aliniomba nilirudie. Alijaribu kulisema. Otisimu. Otisimu. Alimgeukia binti yake akamwambia kwa Kikuyu, taratibu, kama anamjulisha kwa mgeni.

"Na dawa iko?"

"Hakuna."

"Shule?"

"Imejaa."

"Sasa jina ni ya nini?"

Nilicheka. Yeye pia. Kisha mimi nikalia, na nikamweleza swali la daktari, ambalo sijamweleza mtu mwingine yeyote. Akasonya.

"Mimi nilizaa saba. Sita wanaongea mpaka kichwa inauma. Mmoja haongei. Maziwa ilikuwa ile ile moja."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi alivyoyasema. Nataka kuyaamini. Leo nayaamini.

Lakini nilipofika nyumbani nilimtazama Rukia nikamwona ana miaka ishirini na miwili.

Jumatatu, 11 Juni
Barua imejibiwa. Wanachukua watoto wanaokaa Nairobi tu, wanaoletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Hakuna pa kulala. Mwakani hawaahidi. Wameandika kwa adabu sana.

Chekechea ya hapa ilimchukua siku mbili. Alimng'ata mtoto mwenziwe. Mwenye duka naye amesema nisije naye kazini, wateja wanalalamika. Mama mkwe anasema hawezi kumkimbiza, magoti hayana nguvu. Hilo ni kweli.

Ijumaa, 22 Juni
Juma ameamua. Rukia ataenda Doldol kwa Zuhura, dada wa Juma. Huko ni uwanda, hakuna mto, hakuna magari. Amesema akiwa amesimama, kofia mkononi. Amesema pia, "Pengine akiwa na mtu mwingine atafunguka."

Hakulitaja swali la daktari. Hakuhitaji.

Nilipaswa kukataa. Nilikunja nguo zake.

Jumapili, 24 Juni
Wameondoka na lori la mbuzi. Rukia alikaa mbele, kati ya baba yake na dereva. Alikuwa anatazama usukani. Nilisimama kwenye dirisha la lori namwita, na lori likaondoka.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma: nimeona nafuu. Nimekunywa chai ikiwa moto. Nimelala mchana. Basi daktari aliona kitu.

Jumatano, 4 Julai
Mashati ishirini kwa wiki moja. Mwenye duka amenisifu. Baridi kali, ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Narudi nyumbani na sina la kufanya kwa mikono.

Juma anasema hajambo. Namuuliza anakula nini. Anasema anakula.

Jumamosi, 14 Julai
Nimekwenda Doldol bila kumwambia mtu. Lori mpaka Nanyuki, lori lingine la mahindi kwenda mbele. Vumbi mpaka kwenye meno.

Zuhura alinipokea vizuri. Si mtu mbaya. Ana watoto watano na kibanda cha chai siku za mnada. Rukia alikuwa nyuma, kwenye kivuli cha ukuta wa boma, amefungwa mguu kwa kamba ya mbuzi. Fundo lilikuwa la kitambaa ili lisimkate. Hilo nililiona. Zuhura alikuwa amefikiri.

Amekonda. Anakula ugali mkavu tu, mchuzi anautema. Kuna kidonda pajani, amekaa na mkojo. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimwita. Hakugeuka. Nilikuwa nimejidanganya njia nzima kwamba safari hii atageuka.

Nikafungua fundo. Zuhura aliniambia, "Wifi, usinione mbaya."

Nikamwambia simwoni mbaya. Mimi ndiye niliyezikunja nguo.

Jumatatu, 16 Julai
Nilimrudisha Rukia nyumbani. Juma hakupiga kelele. Amesema nyumba yake si ya kufungwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Amesema kama nimeamua hivyo, basi nimeamua. Amelala kwa rafiki yake siku ya pili leo.

Mama mkwe alinisaidia kufunga mizigo ya kuhama. Amenipa sufuria yake ndogo. Sikutarajia.

Jumanne, 31 Julai
Chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, hapa hapa Majengo. Nashonea nyumbani, kazi za majirani, viraka. Rukia hajasema neno. Kidonda kimefunga.

Mwalimu Gathoni anahamishwa kwenda Meru. Alikuja kuniaga. Alisema ataendelea kuuliza, akisikia shule yoyote ataandika. Nilimshukuru. Nadhani na yeye alijua kwamba hakuna shule atakayoisikia.

Jumapili, 12 Agosti
Mama Nyambura alikuja baada ya kanisa. Amekuja na ndizi na maharagwe. Jirani amemwangalizia binti yake mpaka jioni, ni mara ya kwanza mwaka huu.

Hatukuzungumza habari za watoto. Alinionyesha jinsi ya kuchemsha maharagwe bila magadi. Rukia alikuwa pembeni na mgongo wake kwetu. Tulikunywa chai vikombe viwili viwili. Mama Nyambura akasinzia kwenye kiti, mdomo wazi, nikamwacha.

Saa kumi aliamka akavaa kitambaa chake. Nikamwomba aje tena. Akasema chai ikipungua.

Sasa ni saa kumi na mbili. Nimempa Rukia ugali mkavu, amekula nusu. Mlango nimeutia kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu, kwenye uzi.