Papa Déo na mstari uliolala

Jumamosi, Mbarara. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu mzito kuliko hii hali ya hewa.

Ngoja niseme kabla sijaanza kujitetea: macho ya Papa Déo hayana kosa. Kosa ni langu.

Wiki iliyopita akina mama wa ushonaji kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, walikuwa wanapandisha paa la ukumbi wao. Mchoro nilichora mimi, hapa mjini, kwenye kompyuta ya ofisi. Vyuma alikata Papa Déo, Mrundi, fundi wa kuchomelea aliyenijua nikiwa mtoto wa shule. Vilipopandishwa havikukutana kileleni. Kila kimoja kimepungua shubiri nzima.

Mama Présidente, kiongozi wao, Mkongomani mwenzangu, akamwambia mbele ya watu wote, "Papa, macho yako ilisha choka. Tutatafuta mutu mwengine."

Nilikuwa nimesimama pale. Nikanyamaza.

Jumatatu nikafungua mchoro, ingawa nilikuwa nimeshashuku. Wenye kazi hii tunategemea snapu, kile kialama cha kijani kinachorukia ncha ya mstari ukikaribia na mshale. Kinakuokolea muda, na kinakufanya mvivu. Nilikuwa nachora nikitazama jengo kutoka juu, na kutoka juu kilele cha paa na mstari wa katikati niliouchora usawa wa kuta vinaangukia sehemu moja. Snapu ikadaka ule wa chini. Kijani kikawaka, nikabofya, nikaridhika. Sikugeuza mchoro hata mara moja kuutazama kwa ubavu. Mstari uliopaswa kupanda ukalala, na urefu wake ndio nilioandika kwenye karatasi.

Linaloniuma zaidi ni kamba. Papa Déo hakati chuma kabla hajavuta kamba kutoka ukutani hadi kileleni, ahakikishe mwenyewe. Siku ya kukata vyuma vile alikuwa ameshaitoa mfukoni. Mimi, na majivuno yangu ya cheti, nikamwambia airudishe, kompyuta imeshapima. Akairudisha. Akaiamini karatasi yangu kuliko mikono yake.

Na bado nikanyamaza siku tano! Nilijiambia naogopa ofisi. Uongo. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya wale mama wanaonisifu kanisani.

Jana nilipita kwake. Alikuwa anatengeneza mlango, kazi anayoweza kuifanya usingizini. Akaninyooshea futi ya kupimia.

"Mwanangu, unisomee hii mètre. Mimi sijiamini tena."

Nikamsomea. Mungu anisamehe, nilimsomea namba kwa sauti ya upole, kama msamaria mwema.

Sijaweza kula tangu hapo.

Leo saa nne nimempigia simu, nikamweleza yote, na ile kamba. Akauliza, "Kumbe macho yangu ni mazima?" Akauliza tena. Nikasema ndiyo, Papa, ni mazima. Nikamsikia anapumua. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Alichosema ni kimoja tu: "Basi uyaseme mbele ya wale wamama. Pale pale waliposema."

Ana haki. Nimeshamwambia na bosi wangu. Amekasirika, lakini kaniruhusu kutumia printa.

Kwa hiyo kesho napanda gari la kwanza, nifike Nakivale kabla misa haijaisha na wale mama hawajatawanyika. Nimechapisha mchoro ukiwa umegeuzwa ubavu, mstari wangu unaonekana wazi ulivyolala chini ya kilele. Nisipokuwa nao watasema namhurumia tu mzee. Na kwenye kona ya chini, kulia, lipo jina langu. Lilikuwepo tangu mwanzo, hakuna aliyelitazama.