Bango la Tangi la Asidi

Jumatatu, 3 Machi
Nyarugusu, Geita. Bango jingine leo. Kazi yangu hapa kiwanda cha kuchenjulia dhahabu ni kuandika maelekezo ya Kiingereza, maana mafundi wametoka kila pembe: Ghana, Peru, Indonesia, Uchina. Bango la tangi la asidi limemfurahisha meneja. Sentensi moja, mistari minne. "Hiki ndicho Kiingereza," amesema. Nikajisikia mtu. Kisha nikala ugali peke yangu. Miezi saba hapa, sijaalikwa hata chai. Mafundi wananiita madamu, nikipita wananyamaza.

Jumatano, 5 Machi
Budi, fundi kutoka Indonesia, ndiye pekee anayenisalimia. Ananizidi miaka kama ishirini, lakini kila asubuhi ananipa shikamoo. Simsahihishi. Naitikia marahaba kwa aibu. Siku nyingine sisemeshwi tena mpaka jioni.

Ijumaa, 7 Machi
Budi ameungua. Amefungua koki ya tangi kabla presha haijashuka. Asidi imemrukia mkono wa kulia. Bango langu lilikuwa mbele ya macho yake.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda misa. Nimekwenda hospitali, Geita. Bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nimemwonyesha picha ya bango kwenye simu, nikamwuliza alielewa nini. Amesoma polepole, akifuata maneno kwa kidole cha mkono mzima.
"Hapa, fungua. Hapa, presha," amesema kwa Kiswahili chake. "Katikati maneno mengi, madamu. Mimi sijui."
Katikati ndiko lilikokuwa katazo: usifungue kabla presha haijashuka. Nililificha mimi mwenyewe, kwa kujidai Kiingereza.

Jumatatu, 10 Machi
Meneja anataka ripoti ya ajali, iende kwa wenye kampuni ng'ambo. Niseme fundi alipuuza maelekezo. Ikisomeka hivyo, Budi atarudishwa kwao bila matibabu. "Wewe si mtaalamu wa lugha? Ipambe." Nimeipamba. Ukurasa mzima. Unaisoma mpaka mwisho na hujui nani alifanya nini. Najua sana kuandika hivyo. Najichukia.

Jumanne, 11 Machi
Nimeichana. Nimeandika upya, sentensi fupi. Bango halikueleweka. Niliandika mimi. Budi alilisoma, akaelewa kinyume. Anahitaji upasuaji. Nimempa fundi mmoja wa Peru aisome, maana Kiingereza chake ni cha kuungaunga kama cha Budi. Amemaliza mara moja, akaniangalia usoni, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. Nimeituma bila kupitia kwa meneja.

Alhamisi, 20 Machi
Majibu yamekuja. Budi anapelekwa Mwanza kwa upasuaji, kampuni inagharamia. Mkataba wangu umesitishwa. Meneja amepokea funguo bila kuniangalia. Kabla ya kutoka nimebandika bango jipya. Usifungue. Kuna presha. Mwite msimamizi kwanza. Hakuna aliyeniaga.

Jumapili, 23 Machi
Tinde, nyumbani. Mama ameniuliza kwa Kisukuma kazi yangu ilikuwa ipi hasa. Nimetafuta neno, sikulipata. Nimesema nilikuwa naandika. Ameitikia tu, akanisogezea ungo wa karanga. Tumebangua mpaka kivuli kikahama uani. Vidole vinauma kidogo.