Uzito wa Tangi Tupu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Baridi leo! Nimefika kazini vidole vimekufa ganzi. Tangi la poda nyeupe ya kutengenezea rangi lilikuwa tupu tangu Jumamosi — nilichungulia mwenyewe — lakini mizani yake inasoma kilo mbili. Kilo mbili za nini? Nikamwita Matheka, fundi wa umeme. Akasema ni poda imeganda ukutani kwa unyevu, nibonyeze kitufe irudi sufuri. Nikabonyeza. Yeye ndiye fundi, mimi nani.

Jumatano, 10 Julai

Imeanza kupanda na kushuka. Tangi tupu, mashine imezimwa, na namba zinapanda polepole, zinashuka polepole. Matheka eti ni upepo. Nikafunga mlango. Zikaendelea. Nikajikuta navuta pumzi pamoja nazo, nikaacha haraka.

Naogopa, na sina wa kumwambia bila kuchekwa. Mbuthia, msimamizi wetu, alipita akaniambia niache vituko, nibonyeze sufuri tuanze kazi. Nikabonyeza tena. Siku hizi ndiyo kazi yangu, kubonyeza.

Alhamisi, 11 Julai

Rangi ya jana imetoka nyepesi kama maji ya mchele. Wateja wameirudisha yote. Mizani ilisema ile skrubu kubwa ya chini ya tangi imesukuma poda yote hadi kwenye mtambo wa kuchanganya. Haikusukuma. Sasa Mbuthia anataka mtu aingie tangini akwangue poda iliyoganda. Na nani kajitolea? Mulongo, ndugu yangu! Amekuwa kibarua mwaka mzima, na ameahidiwa akiingia ataandikwa kazi ya kudumu.

Tumegombana njia nzima hadi nyumbani Huruma. Nikamwambia tangi lile si tupu. Akacheka.

"Sista, hiyo ni poda tu. Wacha kujistress. Nikiandikwa job, tunahama hapa."

Amelala sasa, upande wa pili wa pazia. Anakoroma. Tangu mama afariki nimebaki na huyu tu.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika chooni, kazini.

Mulongo aliingia baada ya chai. Desturi yetu hapa, anayeingia tangini huweka mfukoni ufunguo wa swichi ya skrubu, asije mtu akaiwasha naye yumo ndani. Yeye akaniachia mimi. Eti kwangu uko salama zaidi. Nikabonyeza sufuri. Aliposhuka ndani mizani ikasoma sitini na mbili — sawa, ndio uzito wake. Akawa anagonga ukuta mara tatu nijue yu mzima, nami namjibu kwa nyundo ya mpira. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo muda wote.

Akatoka. Mweupe kote, hadi kope. Mbuthia akampiga mgongoni, akamwambia Jumatatu aende ofisini akaandikwe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Ndipo nikatazama mizani.

Sitini na mbili.

Nikangoja ishuke. Haikushuka. Matheka akasema imekwama tu, nibonyeze sufuri. Kidole kikakataa. Halafu ndani ya tangi pakagongwa. Mara tatu.

Nikauliza nani amesikia. Hakuna. Mbuthia akasema masikio yangu yamejaa poda, niwashe skrubu mara moja, wenye rangi yao wanangoja. Nikasema naenda msalani kwanza. Nikatoka na ufunguo.

Sasa Mulongo yuko hapa nje ya mlango. Anasema nimpe ufunguo akawashe mwenyewe. Sauti ni yake. Viatu navyo naviona chini ya mlango, ni vyake. Lakini tangu atoke hajaniita sista hata mara moja. Ananiita Nangila.

"Nangila, lete ufunguo."

Na kule tangini bado panagongwa. Ukuta huu ni wa mabati, nasikia vizuri. Ila sasa ni kwa kuchelewachelewa, kama mtu anayeishiwa nguvu, na —