Shali ya Mjomba wa Zena

Rumonge, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Mwajuma, mama Zena,

Zikufikie salamu nyingi za ndugu yako Shabani, aliye huku ukingoni mwa ziwa, mzima wa mwili na mwenye hasira. Nakuuliza hali yako, na goti lako la kushoto, na nyumba ya Tabora, kama mmewahi kuliezeka paa kabla ya mvua. Sisi hatujambo. Wifi yako Tatu homa imemwacha, anakwenda kisimani mwenyewe. Mwanao Zena ni mzima, anakula, ila hali pamoja nami. Hilo nitakueleza.

Najua unangoja neno moja tu, ameolewa au hajaolewa. Hajaolewa. Posa ya watu wa Nyanza imevunjika juu ya mkeka wangu, mbele ya watu, na aliyeivunja ni mimi. Kabla hujaanza kunilaani, kaa chini nikusimulie.

Katika barua yako uliniasa nisiwe mgumu, kwamba kijana Hamadi ana kwao, kwamba baba yake, Mzee Feruzi, ana mitumbwi na michikichi. Dada, wewe uko Tabora. Ukisikia tajiri unawafikiria matajiri unaowajua. Tajiri wa huku ni mtu anayenuka mawese kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa. Amejenga nyumba ya udongo, akatia mlango wa kuchonga, akavaa joho juu ya kikoi kichafu, kisha akaanza kusema babu yake alitoka Maskati. Babu yake alitoka Kigwena, hapa jirani, na mji mzima unajua. Bwana Mdachi akishuka kutoka boma la Usumbura kuangalia vichaka vyenye mbung'o wa malale, huyo Feruzi ndiye wa kwanza kuvua viatu. Watu hawa nimewashonea miaka sita. Nawajua kwa makwapa yao.

Sasa sikiliza. Siku nne kabla ya siku waliyopanga kuja, nilikuwa sokoni kwenye kibaraza changu, sindano mkononi. Ufuo wote huu, kutoka hapa hadi Nyanza, hakuna fundi mwingine wa nguo. Akaja mtu na furushi kichwani. Simjui, hanijui.

"Amahoro, Fundi."

"Amahoro."

Akalitua furushi, akalifungua, na harufu ikatangulia kutoka.

"Muzee wangu kule Nyanza iko anataka shali," akasema. "Ya kilemba. Ndefu, na matamvua. Kitambaa ndiyo hiki."

"Hiki si kitambaa. Hizi ni nguo kuukuu."

"Ndiyo. Utakata pale pazuri, utaunganisha."

Nikazigeuza moja moja. Kulikuwa na kanzu mbili zilizochakaa, moja jasho limeila rangi kwapani. Kulikuwa na koti la Mdachi fulani, limepita mikono mingi mpaka vifungo vimekwisha, lakini bitana yake ya hariri bado nzima. Kulikuwa na kikoi kilichoungua kwa makaa, na kipande cha pazia jekundu. Nikamuuliza shali ni ya nani.

"Ya mujomba wa bibi-arusi, hapa Rumonge. Muzee anasema hawezi kuharibu nguo mupya kwa mutu kama ule. Iko muzee wa bara tu, macho yake haioni muzuri. Akiona matamvua atafurahi."

Mjomba huyo ni mimi, dada. Macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano ya kofia mara ya kwanza. Lakini watajuaje? Maneno yote ya posa alikuja nayo mshenga wao, mzee mmoja wa Nyanza, naye alinikuta nyumbani tu, nimevaa kanzu safi. Sokoni hakuna anayeniita Shabani. Mimi ni Fundi, basi. Kijana mwenyewe ananijua, lakini baba wa aina ile hamwambii mwanawe anachofanya.

Nilimwambia yule mtu, "Niachie. Njoo baada ya siku tatu."

Nikaishona, dada, na niliishona vizuri. Kazi mbovu siijui hata kwa mtu ninayemdharau. Kanzu nilizifumua, nikazifua kwa maji ya majivu, nikazianika juu ya majani kule ziwani mpaka zikawa nyeupe. Bitana ya Mdachi niliikata vipande virefu ikakaa katikati. Pazia nililichana vipande vyembamba, nikavitia ukingoni, ungesema ni taraza ya dukani. Kila mshono niliukunja mara mbili ndani, usiuone hata ukiushika. Matamvua alinisokotea Zena. Alikaa karibu yangu akisokota nyuzi na kuimba, akaniuliza, "Ni ya nani hii, mjomba? Nzuri." Nikamwambia ni ya mteja. Tatu peke yake ndiye aliyejua, naye alinikataza, nikamwambia anyamaze.

Yule mtu akaja akaichukua. Kesho yake wakaja wao, kundi zima na joho lao, wakijikohoza mlangoni. Nilitoka kuwapokea. Mshenga akasema, "Huyu ndiye mjomba." Mzee Feruzi aliniangalia, hakunijua, yeye nguo zake huleta watumishi. Hamadi akaniamkia kwa heshima. Tukaketi. Zena na wifi yako walikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake wa jirani.

Unajua desturi. Mjomba asipofungwa kilemba hasemi neno, na asiposema neno hakuna ndoa. Wakaiweka shali mbele yangu kwenye sinia, imekunjwa, imetiwa udi. Udi, dada, juu ya kwapa la mtu. Mzee Feruzi akasafisha koo.

"Shali hii," akasema, "asili yake Maskati. Nimeiagiza Ujiji, nimeichagua kwa mkono wangu. Mtu wa heshima hupewa kitu cha heshima."

Watu wakaitikia, mashallah. Mimi nikaikunjua magotini. Kisha nikatoa wembe wangu mfukoni nikaanza kufumua.

Mshono wa kwanza ulipoachia nikakiinua kipande. "Hii ni kanzu yako, Mzee Feruzi, kwapa la kushoto lilikuwa na jasho." Nikaendelea. "Hii ni bitana ya koti la Mdachi. Hiki ni kikoi, nimekikata kando ya pale palipoungua. Hili ni pazia, sijui la mlango gani." Kila kipande nilikirudisha kwenye sinia lake. "Maskati yote ndiyo hii. Aliyeishona ni mimi, fundi wa sokoni, mzee wa bara asiyeona."

Yule mtu wa furushi alikuwa amekaa karibu na mlango. Akainuka taratibu akatoka. Mzee Feruzi akavuta joho lake, akaondoka bila viatu, wakamfuata na viatu vyake mkononi. Nakwambia kweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasikia njaa.

Hamadi hakuondoka nao. Alibaki mkekani akiangalia sinia, uso umemshuka, machozi yanamlengalenga, mtu mzima mwenye ndevu. Akasema, "Mimi sikujua, mjomba." Nilijua kwamba hakujua. Nilikuwa nimejua hivyo tangu siku ya furushi. Nikaurudisha wembe mfukoni, naye akaondoka.

Asubuhi yake Zena akaja nilipokuwa nakunywa uji, akasimama, hakuketi.

"Mjomba, ulijua siku nne nzima."

"Nilijua."

"Ungemwambia yule mtu siku ile ile, rudi kwa mzee wako, mjomba mwenyewe ni mimi. Wangeona haya huko huko kwao, wangeleta nyingine, na mimi ningeolewa. Wewe uliwangoja watu wajae."

Nikamwambia nimemkinga na ukoo wa ovyo. Akasema, "Mimi nilikuwa naolewa na Hamadi. Matamvua umenisokotesha mimi." Akaenda zake. Tangu siku hiyo chakula changu analeta Tatu.

Dada, nimekaa na maneno yale wiki nzima, nikitafuta uongo ndani yake nisiuone. Niliwangoja watu wajae. Feruzi ni mtu mzima ovyo, nitamdharau mpaka nife, na kama ingekuwa shingo yake peke yake ningelifumua na lile joho. Lakini aliyeumia ni mtoto, na mwingine ni kijana ambaye kosa lake ni kuzaliwa kwenye nyumba ile. Mimi naona haya, ndugu yako. Si haya ya kuwaonea wao. Ni yangu.

Kwa hiyo uamuzi nauweka mikononi mwako. Wewe ndiye mama. Ukisema hapana, basi, nitamtafutia mwingine na nitavumilia kununiwa. Ukisema ndiyo, nitapanda mtumbwi mwenyewe mpaka Nyanza, niketi kwenye mkeka wa mtu yule, nimwombe radhi, na kilemba nitafungwa chochote atakachonipa, hata kama ni gunia la chumvi. Sitalikagua. Siwezi kukuahidi kwamba nitatabasamu.

Barua hii anaichukua mfanyabiashara wa chumvi anayeshuka Ujiji. Huko ataikabidhi kwa msafara wa Tabora. Jibu lipitie njia hiyo hiyo, na usikawie.

Nisalimie mama yetu mkubwa, umwambie dawa yake ya kifua naitafuta. Msalimie shemeji mwenye duka, na mwalimu wetu wa chuoni kama bado ana nguvu ya fimbo, na yule binamu anayenidai kofia, inakuja. Tatu anakusalimu sana.

Zena nilimuuliza nikuandikie salamu gani zake. Kasema atakusalimu mwenyewe, siku utakapojibu.

Nduguyo,
Shabani, fundi