Sahani Zilizoliwa Kilibula

Yaya Furaha, dada yangu,

Lemera kungali baridi? Huku Kilibula minye natoka jasho, na aibu juu yake.

Sahani zetu za unga wa mihogo zilifika ku harusi. Nikajisifu: "Hizi haziko plastiki! Ukizitupa, kisha miezi miwili zimeoza." Wakapakua samaki na mchuzi wa moto, sahani zikalainika mu mikono ya watu. Na bugali ulikuwa haujaiva. Mama ya bibi harusi akamega ukingo wa sahani, akachovya, akameza. "Si ni muhogo?" Wote wakamufuata. Pasta alikula mbili.

Miezi miwili, Yaya! Hazikumaliza dakika kumi. Wamekomanda tuwatengenezee zingine za ubatizo, ila tuongeze chumvi.

Usikasirike, weye na mashine yako ya kutengeneza sahani. Minye nilikula moja tu.

Mdogo wako anayekupenda, tumbo limejaa,
Neema