Kidude cha Kunusa Rada

Ijumaa, Jeddah.

Joto la hapa si kama la Riyadh. Kule linakuchoma, hapa linakulowesha. Nimekaa kitandani kwa rafiki yangu Zuhura, mtaa wa Kandara, feni inazungusha hewa ileile, gauni limenigandia mgongoni. Ukucha mmoja umekatika na vidole vina michubuko. Lakini moyo wangu leo umetulia tuli. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilijipenda hivi.

Kwa aliyefika kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: naitwa Mwanasha, mzaliwa wa Changamwe, Mombasa. Ni dereva wa familia moja ya Riyadh. Nampeleka Madam kazini na watoto wake wawili, Lulwa na mdogo wake Faisal, shuleni. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye gereji ya mjomba. Mpaka leo nikiingia kwenye gari jipya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni sanduku la fyuzi.

Bosi, mumewe Madam, si mtu mbaya. Ana haraka tu. Hata chai huinywa amesimama. Kamera za barabarani zimempiga picha nyingi kuliko harusi yake, na mwezi uliopita alirudi safarini na kidude cha kunusa rada. Unakibandika kwenye kioo cha mbele. Kikihisi miale ya kamera kinapiga kelele, nawe unashika breki kabla hujanaswa. Umeme kilikuwa kinaupata kwenye tundu la kuwashia sigara, na waya wake ulining'inia mbele ya dashibodi kama utambi.

Bosi hakuupenda ule waya. Alitaka kidude kifungwe moja kwa moja kwenye umeme wa gari, waya ufichwe, mtu akichungulia asione kitu. Na nyumbani kwake fundi alikuwepo.

Nikisema ukweli, mikono iliniwasha. Kazi yote niliiona kichwani pale pale: waya upite ndani ya dari, ushuke kwenye nguzo ya mlango kwa nyuma ya ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, uende mpaka kwenye fyuzi inayopata moto, yaani umeme, gari likiwaka tu. Uwekewe fyuzi yake ndogo. Waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, ukazwe kwenye bolti ya bodi. Kazi nzuri, safi, ya kujivunia.

Nikaenda kununua vifaa. Muuza spea, mzee wa Kiyemeni, aliponisikia ninachotaka kufunga alirudisha mkono kwenye kaunta. "Mamnua, binti yangu," akasema. Imekatazwa. Akaniuliza nani anaendesha hilo gari. Nikamwambia mimi. Akatikisa kichwa, akamgeukia mteja mwingine.

Nilirudi mikono mitupu. Bosi alikuwa uani.

"Bosi, kile kitu mamnua. Siwezi kukifunga."

"Gari ni langu, Mwanasha."

"Gari ni lako, Bosi. Lakini anayeshika usukani ni mimi, na askari akitusimamisha ataomba leseni yangu na ikama yangu, kibali changu cha kukaa nchini."

Alinitazama kama mtu anayesukuma mlango wake mwenyewe na mlango haufunguki. Nilijua anaweza kunipandisha ndege. Wenzangu wamerudishwa kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Halas, basi," akasema, akachukua funguo, akalipeleka gari mwenyewe kwenye gereji za Sinaiya. Adhuhuri alirudi na kidude kimefungwa. Waya hauonekani. Nikaona tu plastiki ya nguzo ya mlango imekaa upande, haikurudi vizuri mahali pake.

Nikaiona, nikanyamaza. Nikaendelea kuendesha.

Siku zikapita. Mjini, kwenye foleni, kidude kilikuwa kinalala tu.

Juzi simu ikapigwa kutoka Jeddah. Mama yake Bosi ameanguka, moyo, na madaktari wanataka kumpasua. Bosi akapanda ndege saa ile ile. Madam na watoto walitakiwa wafuate, ila Faisal ana sikio lililovimba na daktari alishakataza asipande ndege. Kwa hiyo jana, baada ya sala ya alfajiri, tukaingia barabarani: mimi, Madam, Lulwa, na Faisal na sikio lake.

Kabla hatujatoka Riyadh, Bosi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akanawa uso.

"Kimbiza, Mwanasha. Kidude kitakuonya. Nataka mama awaone watoto kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji."

Nikajibu, "Inshallah, Bosi." Wala sikuahidi kukimbiza, wala sikukataa.

Niliendesha mwendo unaoruhusiwa, ule wa juu kabisa, bila kupunguza na bila kuzidisha. Madam alikuwa anatazama saa ya mwendo, anatazama simu, anarudi kwenye saa ya mwendo. "Yalla, Mwanasha, yalla," haraka, haraka, kwa sauti ya chini, kama dhikri. Ninamwelewa. Yule mgonjwa anampenda Madam kuliko mkwe yeyote anavyopendwa.

Na kidude nacho kikaanza. Kwenye barabara kuu hakikulala. Kilipiga kelele kwa kila kitu, malori, minara ya simu, sijui nini. Kila kilipolia, Faisal aliziba sikio bovu na kulia naye. Nilitaka kukizima, lakini aliyekifunga hakukiwekea swichi.

Tulipopita mji wa Dhalm nikasikia harufu.

Fundi wa umeme haulizi hiyo harufu ni ya nini. Ni ganda la waya linaungua. Mara feni ya kiyoyozi ikakatika, kimya, na joto la jangwa likaingia kama mtu amefungua tanuri. Kituo cha mafuta kilikuwa kinaonekana mbele. Nikateleza mpaka chini ya kivuli chake, nikazima injini, nikawatoa wote nje. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye ile plastiki iliyokaa upande.

Nikafungua boneti, nikachomoa waya wa betri. Moshi ukafifia, ukaisha. Watoto nikawaingiza dukani kwenye ubaridi.

Hapakuwa na fundi pale. Mhudumu wa pampu alisema winchi ya kutuvuta itatoka Taif, labda ifike jioni. Madam akashika kichwa. Kuendelea bila kiyoyozi, Agosti, na mtoto ana homa, haiwezekani. Kungoja mpaka jioni, pengine tungefika kwenye mazishi.

"Nipe nafasi, Madam," nikamwambia. "Nina vifaa vyangu."

Mfuko wangu wa bisibisi na koleo huwa hautoki chini ya kiti. Nikang'oa plastiki ya nguzo. Jamani! Waya mwembamba kama uzi wa kushonea, umepitishwa juu ya mfuko wa hewa, umebanwa na klipu ya chuma mpaka ganda limekatika na shaba inagusa bodi. Kule chini umesokotwa kwa mkono kwenye fyuzi ya feni ya kiyoyozi, ukafungwa tepu. Hauna fyuzi yake. Ile ya feni ni nene, imetengenezwa kubeba moto mwingi, kwa hiyo waya ulianza kuiva kabla fyuzi haijakatika.

Fyuzi ilipokatika ndipo tukaokoka.

Madam aliinama kando yangu na taa ya simu. Skrubu nilizozitoa alizipokea kwenye upindo wa abaya yake. Nilipomwonyesha waya ulioungua, ulipopita mbele kidogo tu ya kiti anapolala Faisal, aliukamata kwa vidole viwili akauangalia kwa muda mrefu.

"Toa," akasema. "Toa yote."

Nikautoa wote, kutoka fyuzi mpaka kwenye kioo, nikakibandua na kidude chenyewe. Nikapapasa nyaya za gari mojamoja. Nashukuru Mungu zilikuwa nzima. Fyuzi ya akiba ya ukubwa ule sikuwa nayo. Nikasoma mfuniko wa sanduku, nikapata ya ukubwa huohuo inayopasha joto kioo cha nyuma. Nani anapasha joto kioo jangwani? Nikaihamisha. Nikarudisha betri, nikawasha gari.

Feni ikavuma. Hewa baridi ikanipiga usoni na jasho lote lile. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, na Madam naye akacheka, kisha akalia, kisha akanipa maji.

Hatujafika mbali Bosi akapiga simu. Mbona mlisimama? Alikuwa anatufuata kwenye ramani. Madam akaiweka simu kwenye spika, akaniwekea mkono begani, akamwambia mumewe kidude kimeharibika chenyewe, ndiyo maana kimetolewa.

Alikuwa ananilinda. Najua. Ningeweza kuuacha uongo ule upite, nikapona vizuri sana.

"Bosi, hakikuharibika," nikasema. "Waya wake ndio uliowaka. Nimekitoa mimi kwa mkono wangu, na sitakirudisha. Watoto wazima. Tunakuja."

Nilihesabu vibao vya kilomita vinavyopita. Mwisho akasema, "Wanamwingiza saa nane." Akakata.

Sikuzidisha mwendo hata hapo. Hiki ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya jana, kuliko kung'ang'ana pale kwenye joto na koleo. Mguu ulitaka kwenda wenyewe. Lakini kidude cha kunionya hakipo tena, na hata kingekuwepo, kinanusa kamera tu. Hakinusi ngamia anayekatiza barabara wala dereva wa lori aliyesinzia.

Tulifika Jeddah mama yake Bosi ameshaingizwa.

Madam hakunitazama aliposhuka. Alimbeba Faisal, Lulwa akamfuata, wakapotelea mlangoni mwa hospitali. Mimi nikabaki kwenye maegesho, nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Nilikuwa tayari kwa lolote. Sikuwa na majuto. Nilikuwa na hofu, lakini ni kitu kingine hicho.

Bosi alishuka jua limeanza kuzama. Alifungua mlango wa mbele akakaa kando yangu, mahali ambapo hajawahi kukaa. Akaigusa ile plastiki ya nguzo, sehemu iliyobabuka. Akageuka nyuma, akakipima kwa macho kiti cha Faisal.

"Mama ameamka," akasema. "Amemwita Lulwa kwa jina."

"Alhamdulillahi, Bosi."

Nikampa mfuko wenye kidude na waya ulioungua. Aliupokea, akauweka magotini. Hakusema shukurani, hakusema samahani. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi, kisha akasema kesho nipumzike, niende kwa watu wangu.

Ndiyo hivi niko Kandara. Zuhura, Mzanzibari, mpishi wa nyumba moja huku, amenisikiliza na kijiko mkononi mpaka mchuzi ukataka kuungua.

"We shoga una moyo," akaniambia. "Ungelimwachia tu Madam wako aseme uongo wake. Umebahatika tu, sasa hivi ungelikuwa ushapandishwa ndege."

Labda. Lakini kwa hilo sioni aibu yoyote. Kinachonisumbua ni kingine, na hiki sijamwambia hata Zuhura. Siku ile uani nilikataa kukifunga, nikajiona shujaa. Halafu mtu mwingine akakifunga vibaya, nikaona plastiki imekaa upande, na mimi mwenye macho ya fundi nikaingia nikawasha gari. Siku baada ya siku, na watoto nyuma. Niliona kwamba nikishasema hapana, yaliyobaki si yangu.

Yalikuwa yangu. Usukani ulikuwa mkononi mwangu.

Jumapili tunarudi Riyadh, na Bosi amesema naye atapanda na sisi. Kabla hajaingia mtu, nitafungua kila plastiki ya lile gari nilitazame lote. Nikikuta kitu, tutabaki hapa hapa mpaka nikitoe. Hata akiwa amekaa kando yangu.